Adrian Atiman, daktari wa Ziwa Tanganyika

Mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira kupitia Lweba na Baraka hadi rasi ya Ubwari, ulipata misheni kabla ya kupata serikali ya kikoloni. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, walifika Ujiji mnamo Januari 1879. Mwaka uliofuata walifungua kituo katika nchi ya Wamasanze, na mwaka 1883 wakahamia Kibanga, katika eneo ambalo leo ni Fizi. Mambo hayakuwa mepesi. Rumonge, ng'ambo ya Burundi, wenzao watatu waliuawa mnamo Mei 1881. Upande huu wa ziwa, Rumaliza, tajiri wa biashara ya watumwa na pembe aliyekuwa na makao Ujiji, alikuwa akizidi kupanua himaya yake, na vijiji vingi vya mwambao vilikwisha kukimbiwa. Hata hivyo waliouawa kwa bunduki au mkuki walikuwa wachache kuliko waliozikwa kwa sababu ya homa.

Homa hiyo ndiyo iliyomfanya Lavigerie apange upya hesabu zake. Madaktari wa Ulaya walikuwa ghali, walikuwa wachache, na walikufa upesi. Aliona afadhali kuwasomesha vijana wa Kiafrika udaktari, kisha kuwarudisha barani wakiwa makatekista. Hawakutakiwa kuwa mapadre. Walitakiwa waoe, walime, na waishi kama wenyeji ili nyumba zao ziwe kiini cha ukristo kijijini. Mwaka 1881 alifungua chuo kwa ajili yao kisiwani Malta, na akasisitiza wasigeuzwe Wazungu kwa chakula, kwa mavazi wala kwa mazoea. Wanafunzi walitokana na watoto waliokombolewa utumwani, maana yake watoto walionunuliwa mara ya pili, safari hii na wamisionari. Nia ilikuwa njema na kazi yao ilikuja kuwa kubwa, lakini haifai kusahau kwamba hakuna aliyewauliza kama wangependa kuwa madaktari, au kurudi kwa mama zao.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa na Watuareg akiwa bado mdogo, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko wamisionari wakamnunua na kumtia shuleni. Alibatizwa, akapelekwa Malta, akasoma udaktari hadi mwaka 1888. Mwaka huohuo Lavigerie alianza kampeni yake kubwa ya kupinga utumwa katika miji mikuu ya Ulaya, na vijana kama Atiman walikuwa ushahidi hai wa hoja zake. Kisha Atiman alipangiwa nchi asiyoijua, yenye lugha ambazo hakuwahi kuzisikia, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka alikozaliwa. Alipita Unguja, akaingia bara kwa msafara wa miguu wakati pwani ya Waswahili ikiwaka moto wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa mashariki wa ziwa, katika mkoa ambao leo unaitwa Katavi.

Karema ilikuwa ngome kabla ya kuwa misheni. Ilijengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Ngome ilijengwa karibu na maji. Lakini mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo, ulikuwa umekwisha kuzibua mdomo wake ulioziba kwa matope na majani, na ziwa likaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Kufika miaka ya 1890, palipokuwa ufuko palikuwa nchi kavu, na wavuvi wakawa na safari ndefu ya miguu kabla ya kuifikia mitumbwi yao.

Mwambao huo ulikuwa na magonjwa yake. Malaria ilikuwa ya kila siku. Kulikuwa na kuhara damu, ndui, na vidonda vya miguu vinavyokula nyama hadi mfupa. Kulikuwa na homa ya papasi, iliyowaangusha hasa wapagazi, kwa kuwa papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo za kambi za misafara na hutoka usiku kuwauma waliolala. Kulikuwa pia na majeraha, ya risasi, ya mamba, ya wanyama wa porini. Huko Malta Atiman alifundishwa kutumia kisu na vidonge. Karema alijifunza na mengine. Aliwasikiliza waganga wa Wabende, wenyeji wa pande hizo, akazijua dawa zao za mizizi na majani, akazitumia pamoja na zile zilizoletwa kwa meli. Madaktari wa serikali ya kikoloni wangeliona jambo hilo kuwa la aibu. Kwake lilikuwa pia suala la ghala, kwani sanduku la dawa kutoka pwani lilitegemea mabega ya wapagazi, na mgonjwa hangoji msafara.

Alioa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa watemi wa Wabende. Ndoa hiyo ilimfanyia Atiman kazi ambayo cheti cha Malta kisingeweza kuifanya. Mtu aliyefika Karema bila ndugu hata mmoja sasa alikuwa na wakwe, mashemeji na watani, na mgeni mwenye wakwe si mgeni tena. Mwana wao Joseph baadaye akawa padre.

Mtihani mkubwa ulikuja na malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo, unaoenezwa na mbung'o, ulishuka kando ya ziwa pande zote mbili, na mwambao wa kaskazini-magharibi, kuanzia bonde la Ruzizi hadi Baraka, uliumizwa vibaya. Daktari aliutafuta kwa vidole. Alipapasa shingo ya mgonjwa upande wa nyuma, na akikuta tezi zimevimba alitoboa kwa sindano na kuchunguza majimaji chini ya hadubini. Dawa iliyokuwapo ni atoksili, yenye sumu ya aseniki, ambayo Robert Koch aliijaribu kwa wagonjwa wengi katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Iliwapa wengine nafuu na wengine ikawapofusha macho. Serikali, ya Wajerumani upande mmoja na ya Wabelgiji upande wa pili, zilihamisha watu kutoka ufukoni kwa amri, na jamii za wavuvi zilizoishi kwa dagaa zikajikuta mlimani.

Watawala walibadilika huku Atiman akibaki. Wajerumani waliondoka mwaka 1916 katika vita vikuu vya kwanza, na baada yao wakaja Waingereza. Maaskofu wa Karema walifariki na kurithiwa. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe, na tayari alikuwa mzee aliyewatibu wajukuu wa wagonjwa wake wa kwanza. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Dar es Salaam, nyumba ya shirika lake inaitwa Atiman House.

Upande wa Kongo mpango uleule wa Lavigerie ulikwenda njia nyingine. Wanafunzi wengine wa Malta, miongoni mwao Joseph Gatchi na Charles Faraghit, walifanya kazi huko, lakini mwaka 1893 Victor Roelens, baadaye askofu, alikihamishia kusini kituo kikuu kutoka Kibanga, mahali penye homa nyingi, hadi Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyelinda misheni kwa bunduki na kuwatibu wagonjwa pia, naye aliishi pande hizo hizo za kusini. Mwambao wa Lweba na Baraka ukabaki bila mtu wa kukaa kama Atiman.

Hospitali zilizokuja kutegemewa na watu wa Fizi na Uvira zilitokana kwa sehemu kubwa na Waprotestanti. Wapentekoste wa Skandinavia, waliofika pande za Uvira kuanzia mwaka 1921, waliacha hospitali ya Lemera, na Wamethodisti Huru waliacha ya Nundu. Vita ndivyo vilivyozitikisa. Mwaka 1964 uasi wa Simba uliifanya Fizi kuwa ngome yake, na mnamo Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba ili kuwasaidia waasi. Alikuwa daktari kwa kisomo, ingawa hakuja kwa udaktari, na kufika Novemba alikuwa amekwisha kuondoka.

Lemera ndiyo iliyompata daktari aliyetaka kubaki. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, alifanya kazi huko baada ya kumaliza masomo yake Burundi mwaka 1983, akaona wanawake wakifika wamekwisha kuchelewa baada ya siku za uchungu njiani, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza utabibu wa akina mama, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Mukwege aliyekuwa mkurugenzi wake alinusurika, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, ambako wanawake kutoka Fizi wamekuwa wakipelekwa kwa matibabu ya majeraha ya ubakaji na ya uzazi. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018 ilimkuta bado akifanya upasuaji huko Panzi.