Uwiano wa pande: Mario kwenye skrini pana

Unganisha mashine ya gemu ya Super Nintendo na televisheni bapa, iache picha ijae skrini nzima, na Mario atanenepa papo hapo. Kilichovurugika ni uwiano wa pande, yaani upana wa kitu ukilinganishwa na kimo chake. Neno uwiano tunalo tangu hisabati ya shule, na hapa linasomwa vilevile: 4:3 ni nne kwa tatu.

Wengi husema "uwiano wa skrini". Kwa kuangalia mpira hilo linatosha. Kwa gemu za zamani halitoshi, kwa sababu vitu vitatu vina uwiano wake, na kila kimoja kinahitaji kutajwa. Kuna pande za skrini: TV za chogo zilikuwa 4:3, za leo ni 16:9. Kuna pande za picha: Super Nintendo kwa kawaida huchora pikseli 256 kwa 224, yaani 8:7, uwiano usioifaa skrini yoyote kati ya hizo mbili. Halafu kuna pande za pikseli. Kwenye chogo, picha hiyo ilitandazwa ikajaa kioo, hivyo kila pikseli ikawa pana kidogo kuliko kimo chake.

Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, picha ya 4:3 huchukua upana wa pikseli 1440 tu. Inabaki mikanda myeusi, 240 kila upande. Asiyeitaka huivuta picha, na kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja. Mwingine huikuza yote mpaka upana ujae, lakini hapo robo ya kimo inakatwa, mara nyingi pamoja na alama za mchezaji zilizoandikwa juu.

Njia ya tatu ni kuifanya gemu yenyewe ichore zaidi. Mwaka 2021, mwanaprogramu mmoja wa Brazili alitoa toleo la Super Mario World, gemu ya 1990, linalochora pikseli 352 kwa 224. Pikseli zikibaki na upana wao wa zamani, picha hiyo inakaribia sana 16:9. Mashine asilia haiwezi kuitoa; inahitaji emuleta maalumu, yaani programu inayoiga mashine hiyo. Kazi kubwa ilikuwa pembezoni. Gemu ile huwaingiza maadui nje kidogo ya ukingo wa picha. Ukingo ukisogea pikseli 48 kila upande, adui angeibuka mbele ya macho ya mchezaji. Ilibidi mipaka hiyo nayo isogezwe.

Kwa hiyo mtu akisema amebadili uwiano, muulize: pande za nini? Aliyevuta picha amebadili pikseli tu, na haoni chochote kipya. Aliyebadili pande za picha anamwona adui mapema kuliko mchezaji wa 1990, na gemu imekuwa rahisi kidogo.