Besi ya Karatina na Konserto za Vivaldi

Mpiga tuba wa Karatina, mji wa Nyeri karibu na Mlima Kenya, anayetamani kupiga konserto ya zama za Baroki hatapata hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya chombo chake. Vivaldi alifariki mwaka 1741, Bach 1750, Handel 1759. Tuba ilisajiliwa Berlin mwaka 1835, kazi ya Wilhelm Wieprecht, mwanamuziki wa bendi za kijeshi za Prussia, na fundi Johann Gottfried Moritz. Kwa hiyo lolote atakalopiga litakuwa la kuazima kutoka kwa fidla, oboi, selo au basuni. Wapo wanaoona haya kuazima, lakini Bach hakuona. Alipokuwa Weimar, karibu mwaka 1713, alizichukua konserto za fidla za Vivaldi akaziandika upya kwa ogani na hapsikodi; miaka mingi baadaye akaigeuza konserto ya fidla nne kuwa ya hapsikodi nne.

Karatina yenyewe iliipokea Baroki kwa koo kabla ya chombo. Misheni ya Waskoti ilifunguliwa Tumutumu, mwendo mfupi kutoka mjini, mwaka 1908, na nyimbo za Kikristo zikaenea pamoja na shule. Kwaya za Kenya zilizoea solfa, zile herufi za d, r, m alizozieneza John Curwen huko Uingereza, ambazo mwalimu huziandika ubaoni kwa chaki bila mistari mitano. Kwa njia hiyo Haleluya ya Handel imeimbwa na watu wengi ambao hawajawahi kuona ukurasa wa noti. Mara nyingi tarumbeta na fidla za Handel huachwa nje, kinanda kikashika nafasi yake. Huo nao ni upangaji upya, ingawa hakuna anayeuita hivyo.

Shaba ilipitia njia nyingine, tena ilianzia mbali: pwani. Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, kilikuwa na bendi yake. Sultani wa Zanzibar naye alikuwa na yake. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walichukua gwaride, sare na tarumbeta wakazaa ngoma ya beni, kisha askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaitawanya bara. Beni haikusubiri mtu ailetee karatasi za noti. Ilisikia, ikakata, ikashona upya.

Huku Mlima Kenya jambo kama hilo lilitokea bila shaba. Mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, ulitumia akodioni na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa, huku wachezaji wakizunguka wawili wawili kwa hatua zinazokumbusha dansi za Wazungu. Kwa maoni yangu, wazee wa mwomboko walikuwa wapangaji stadi kuliko wengi wanaouza karatasi za noti leo, maana walijua ni kipi cha kutupa.

Hata wimbo wa taifa ni ushahidi. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, lilichukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Sasa bendi za polisi na jeshi huupiga kwa shaba, tuba chini kabisa.

Jeshi la Wokovu, kanisa lenye bendi zake za shaba, liliingia Kenya mwaka 1921. Ngome yake kubwa ni magharibi, si Nyeri, lakini utaratibu wake wa noti ndio unaotufaa hapa. Kama ilivyo katika bendi za shaba za Kiingereza, karibu kila mtu, hata wa besi (ndiyo tuba), husoma ufunguo wa juu, ule wa G. Konserto maarufu ya tuba ya Vaughan Williams ilipigwa mara ya kwanza London mwaka 1954 na Philip Catelinet, mtu aliyelelewa katika muziki wa Jeshi hilohilo.

Anayesoma ufunguo wa G akipata karatasi ya basuni au selo, yenye ufunguo wa besi, hudhani imefungwa kwake. La. Akiwa na besi ya E flati, aisome kana kwamba ina ufunguo wa G, kisha aongeze shapu tatu kwenye alama za mwanzo (kila shapu ifute flati moja, kama zipo). Noti zitatoka mahali pake. Shapu na flati za katikati ya ukurasa ndizo zinazotaka jicho.

Hapo mlango ni mpana. Vivaldi aliacha konserto za basuni zaidi ya 35, na hakimiliki yake imekwisha zamani. Konserto za fidla, zaidi ya 200, ningeziacha kwanza: fidla haivuti pumzi, na vipande vyake vya haraka havina pa kupumulia. Mpiga basuni anapumua. Ningeanzia RV 501 (namba yake katika orodha ya kazi za Vivaldi), iitwayo La notte: iko katika B flati, yenye flati mbili, hivyo kwa hesabu hiyo inabaki shapu moja tu.