Walipima Sketi

Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi. Vita hivyo vilipewa jina la Operesheni Vijana, na vilipangwa kuanza jijini Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni mini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Wapo ambao hawakuisubiri Januari. Mwezi uleule wa Oktoba makundi ya wanaume yaliwavamia wanawake eneo la Kariakoo, penye mabasi, yakawazomea na kuwachania nguo, hadi polisi wakalazimika kuingilia kati.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na kilichonirudisha kwenye operesheni hii ni jambo la leo. Kwetu ni Busisi, wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Kwenye meza za mitumba pale nimeona nguo za watoto wa kike wa miaka sita au saba: vitopu vyenye sponji ya kutunisha kifua ambacho bado hakijaota, kaptura zisizositiri kitu, fulana zenye maneno ya kutongoza kwa Kiingereza ambayo mama anayenunua hana habari nayo. Ninazipinga nguo hizi. Mtoto wa darasa la kwanza hana sababu ya kuvalishwa kama mtu anayetafuta mpenzi. Lakini kila mjadala huu ukianza, iwe kwenye daladala, kanisani au mtandaoni, hazipiti dakika tano kabla hatujamgeukia msichana mwenyewe. Utasikia: mabinti wa siku hizi hawana haya. Njia hiyo tulishaipita, na inafaa tukumbuke ilitufikisha wapi.

Waanzilishi wa Operesheni Vijana walisema wanalinda utamaduni wa taifa. Hoja hiyo si ya kubezwa. Nchi ilikuwa na miaka saba tu tangu Uhuru, na watu walichoka kuambiwa kuwa uzuri unatoka Ulaya. Tatizo lilikuwa mahali pa kuupigania. Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwabana Wamasai waache lubega na wavae suruali, ili waonekane watu wa kisasa. Kwa hiyo mmoja aliambiwa amejifunika kidogo mno kwa sababu amebaki nyuma, na mwingine akaambiwa amejifunika kidogo mno kwa sababu amekimbilia mbele. Wasomaji waliandika barua magazetini kuhoji mkanganyiko huo. Mzigo, hata hivyo, ulimwangukia aliyevaa, na zaidi akiwa mwanamke anayeshuka kwenye basi.

Majirani nao walipita njia hiyo. Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku mini mwaka 1972, Malawi ya Banda mwaka 1973. Na Novemba 2014, wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya wanaume kumvua nguo mwanamke hadharani kwenye kituo cha matatu. Miaka 46 baada ya Kariakoo, kituo kingine cha magari, mikono ileile.

Wakati sisi tunapima sketi kwa macho, biashara yenyewe ilikuwa inaendelea na kazi yake mbali na hapa. Mini ilipovuma, sura yake kubwa duniani ilikuwa Twiggy wa London, ambaye mwaka 1966 alikuwa na miaka 16. Mwili wake ulisifiwa kwa kuwa ulifanana na wa mtoto. Wanawake wazima wakauziwa utoto. Baadaye biashara ikageuza upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1980 Calvin Klein walimtumia Brooke Shields, mwenye miaka 15, katika matangazo ya jinzi yaliyojaa mafumbo ya kimapenzi. Mwaka 2002 Abercrombie & Fitch waliuza chupi za uzi kwa wasichana wadogo, zikiwa na maandishi ya kuwaita macho ya watu, na wazazi wa Marekani wakaja juu. Mwaka 2007 Chama cha Saikolojia cha Marekani kilitoa ripoti iliyoonya kwamba kumfanya mtoto wa kike aonekane chombo cha mapenzi kunahusiana na msongo wa mawazo, kutojithamini na matatizo ya ulaji.

Ugomvi huo wa Marekani unaihusuje Busisi? Unahusu kupitia belo. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, nguo ambazo watoto wa nchi tajiri wamezichoka hufungwa kwenye mabelo, zikashuka bandarini, zikafika Mlango Mmoja pale Mwanza, na kutoka hapo zikavuka ghuba. Zamani zilisubiri kivuko. Tangu Juni 2025 zinapita juu ya daraja la kilomita tatu kati ya Kigongo na Busisi. Mfanyabiashara wa rejareja hachagui kilichomo. Anafungua belo, anachambua, anauza. Mama naye anachagua kwa bei, kwa sababu hana chaguo jingine. Nguo iliyolalamikiwa na wazazi wa nchi nyingine inaweza kufika kwetu kimyakimya, bila ule ugomvi uliozaliwa nayo.

Hata hivyo, nisingependa kuutupia mtumba kila kitu. Nilimuuliza bibi yangu, ambaye mwaka 1968 alikuwa binti pale Busisi, kama habari za mini ziliwafikia. Alicheka.

"Mini ya nani, mjukuu wangu? Mimi nilikuwa na gauni moja na khanga."

Nikamuuliza kama basi wasichana walikuwa salama.

"Nani alikwambia? Ukitoka gulioni jioni walikuwa wanatusubiri njiani. Wanakuzunguka. Uchague."

Usukumani desturi hiyo inaitwa chagulaga. Vijana wanamzingira msichana njiani, naye anatakiwa amtaje mmoja wao ndipo aachiwe apite. Bibi alizingirwa akiwa amejifunga khanga mpaka miguuni. Hakuna kiwanda cha mitindo kilichohusika hapo. Jicho linalomwona mtoto kama mke lilikuwepo kabla ya belo la kwanza. Viwanda vimelipatia bidhaa tu.

Na sheria nayo ililipatia kibali. Miaka mitatu baada ya Operesheni Vijana, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa ya 1971. Ilimruhusu mvulana kuoa akiwa na miaka 18, na msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi; mahakama ingeweza kuruhusu hata kwenye miaka 14. Kizazi kilekile cha viongozi kilichoona goti la mwanamke mzima ni aibu ya taifa hakikuona aibu mtoto wa miaka 15 kuwa mke. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya vifungu hivyo, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na ushindi huo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata, vifungu vikiwa palepale. Wakati huo msichana aliyepata mimba alikuwa anafukuzwa shule, hadi Novemba 2021 serikali ilipowaruhusu wasichana hao kurudi darasani.

Ukiyaweka mambo haya pamoja, unaona mazoea: mtu mzima anatengeneza, mtu mzima anauza, mtu mzima anatazama, mtoto anaulizwa kwa nini. Ndiyo maana sitaki upinzani wetu dhidi ya mitindo hii uwe Operesheni Vijana nyingine, yenye walinzi wa maadili getini wakipima sketi za wanafunzi kwa rula.

Njia nyingine ipo, na tumeshaijaribu. Tanzania imepiga marufuku mitumba ya nguo za ndani. Sababu ilikuwa afya. Tazama marufuku hiyo inavyofanya kazi, au inavyotakiwa kufanya kazi: anayebanwa ni mwagizaji na mzigo wake. Hakuna mwanamke anayesimamishwa barabarani akaguliwe. Kama Shirika la Viwango linaweza kulikataa belo kwa sababu ya ngozi ya mtoto, linaweza pia kulikataa kwa sababu ya kitopu chenye sponji cha mtoto wa miaka saba. Hata wachuuzi wangefarijika, maana nguo hizo hulala mezani muda mrefu. Akina mama wanazishika, wanazigeuza, wanazirudisha.

Bibi nilimweleza haya yote, pamoja na habari za Kariakoo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: wale waliowachania wenzao nguo, kuna aliyefungwa? Sikuwa na jibu la kumpa, nami nimelifanya swali lake kuwa sura ya pili ya tasnifu yangu.