Picha Ipo, Sauti Haipo: Historia Fupi ya Ugomvi Ulio Ndani ya Runinga Yako

Leo nataka tusome historia, ingawa huko mbele nimeweka msimbo kidogo kwa wale wasio na subira (rukeni tu, sitakasirika).

Swali ninaloulizwa na jamaa na majirani kuliko yote ni hili: "Filamu iko kwenye tarakilishi, runinga janja imeiona kupitia Wi-Fi, picha inakwenda vizuri kabisa, lakini sauti hakuna. Runinga imeharibika?" La, haijaharibika. Imekataa. Na chanzo cha kukataa huko ni cha zamani kuliko mimi ninayeandika.

Kwanza tuelewane. Faili ya MKV au MP4 ni gunia tu. Ndani yake mna picha iliyobanwa kwa njia moja na sauti iliyobanwa kwa njia nyingine, na programu inayobana na kufungua ndiyo tunayoiita kodeki. MKV, yaani Matroska, ilianza Desemba 2002 na jina lake linatokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia runinga yake inasoma MKV bado hajaniambia kitu. Inafungua gunia, sawa. Na yaliyomo je?

Kwa nini sauti ibanwe? Piga hesabu ya CD ya kawaida: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila moja, mara mbili kwa kushoto na kulia. Hiyo ni megabaiti 10 na zaidi kwa dakika. Sinema ilitaka njia sita za sauti, si mbili.

Mwaka 1992 Dolby walileta suluhisho lao, AC-3, pamoja na filamu ya Batman Returns. Sauti ilichapishwa kama vidoadoa kwenye utepe wenyewe, katikati ya yale matundu ya pembeni ambayo meno ya projekta hushika. Mwaka uliofuata ikaja Jurassic Park ya Steven Spielberg ikiwa na DTS, na hawa walifanya kinyume kabisa: sauti ilikaa kando kwenye CD-ROM, utepe ukabeba alama za muda tu ili mashine ijue imefika wapi. Mimi ningewapigia DTS kura. Data upande huu, fahirisi upande ule, safi kabisa. (DTS ya nyumbani ni kodeki tofauti na ile ya sinema, wameshiriki jina tu.)

Lakini uzuri wa usanifu haushindi vita vya namna hii. Vita huamuliwa na karatasi ya viwango. DVD ilipoingia sokoni Japani mwaka 1996, AC-3 ilikuwa miongoni mwa sauti ambazo kila mashine ilipaswa kuzifungua, na DTS ikaachwa kuwa hiari. Dolby akawa mwenye nyumba, DTS mgeni. Blu-ray ilipotoka 2006 mgeni naye akapewa ufunguo, ndiyo maana filamu nyingi zilizonakiliwa kutoka Blu-ray zina DTS ndani. Tatizo ni kwamba kodeki hizi ni mali ya watu na zina leseni. Samsung waliondoa DTS kwenye runinga zao za 2018, LG wakafuata 2020, kisha LG wakairudisha kwenye baadhi ya runinga za 2023. Faili haikubadilika hata biti moja katika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni mkataba ambao wewe mnunuzi hukuonyeshwa.

Utauliza, si kuna DLNA, ile nembo iliyoahidi kwamba vyombo vyote vitaelewana? Kundi hilo lilianzishwa 2003, Sony na Intel wakiwa mstari wa mbele. Soma orodha yao ya lazima kwa vyombo vya nyumbani: JPEG kwa picha, LPCM kwa sauti, MPEG-2 kwa video. Basi. MP3, AC-3 na nyinginezo zilikuwa hiari. Nembo ilimaanisha vyombo vitasalimiana, mazungumzo ni juu yao. Kundi lenyewe lilivunjwa Januari 2017.

Sasa nije kwa kile kinachoniuma zaidi, maana filamu unaweza kuitafuta tena. Nyumbani kwetu kuna klipu ya 2008 iliyorekodiwa kwa simu ya mjomba: nyanya yangu akihesabu ukoo, nani alimzaa nani, hadi kizazi cha sita. Alifariki 2011 na orodha ile hakuna mwingine aliyekuwa nayo kichwani. Desemba tulipokusanyika tulitaka kuiweka kwenye runinga, ikakataa picha na sauti pia.

Faili ni 3GP. Sauti yake ni AMR, kodeki iliyokubaliwa na 3GPP mwaka 1999 kwa ajili ya kupiga simu. Huchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, na hata kwa kiwango chake cha juu, kilobiti 12.2 kwa sekunde, dakika nzima haifiki kilobaiti 100. Inaweza hivyo kwa sababu inaiga jinsi koo la binadamu linavyotoa sauti, ndiyo maana muziki juu yake husikika kama redio iliyotumbukia kisimani. Kwa nyanya akizungumza, inatosha kabisa. Nani atengenezaye runinga ya inchi 55 angekumbuka kuiweka? Ukiwa na 3GP za mazishi, harusi au ruracio kwenye kadi ya kumbukumbu iliyosahaulika kabatini, zishughulikie mwezi huu.

Dawa ni FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Kwanza mwulize ffprobe kilichomo guniani. Kama tatizo ni DTS, picha usiiguse, badilisha sauti pekee:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a ac3 -b:a 448k filamu-mpya.mkv

Ni kazi ya dakika chache, kwani picha inanakiliwa tu. AC-3 ni chaguo salama, na hataza zake zilimalizika 2017. Kama faili ni nyingi, Jellyfin itakubadilishia sauti papo hapo runinga inapoomba, mradi tarakilishi yako isiwe mzee sana. Kwa 3GP badilisha vyote viwili, kwani picha nayo mara nyingi ni H.263:

ffmpeg -i nyanya.3gp -c:v libx264 -c:a aac -ar 44100 nyanya.mp4

Hiyo 44100 haiongezi ubora, inazuia tu runinga kulalamika kuhusu 8,000. Faili ya asili usiifute. Yetu iko kwenye diski mbili, moja Nairobi na nyingine kwa shangazi Nyeri, na yeye tayari ameshaandika majina hadi kizazi cha nne.