Uhuru ya Malindi, na kwa nini mwili na usukani hupimwa pamoja

Leo tuache kidogo habari za kompyuta za mezani, twende angani.

Hapa Mwabungo fundi wa ngalawa hamalizi kuchonga mtumbwi ndipo aanze kufikiria tanga. Tanga kubwa linataka matengo marefu, na matengo marefu yanaongeza uzito. Wahandisi wa vyombo vya angani walilijua hilo kwa gharama.

Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, ilirushwa mwaka 1958. Ilitakiwa izunguke kwa mhimili wake mrefu na kutulia kama pia ya watoto. Lakini antena zake nne za waya zilinesanesa, zikala nishati, na muda si mrefu ikawa inazunguka kwa ubavu.

Kisha ikaja zamu ya pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani. Ndani yake gurudumu lilizunguka kwa kasi likiituliza, na sumaku za umeme ziliielekeza kwa kusukumana na usumaku wa dunia. Ilituachia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei.

Uhuru ilikuwa ndogo na ngumu. Chombo kikiwa kikubwa na chepesi, kinanesa, na mtambo wa kukiongoza unaweza kuzidisha mtikisiko badala ya kuutuliza. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 watafiti, wakiwemo wa NASA, walihangaika kuweka unene wa nguzo na nguvu ya uongozaji katika hesabu moja: kompyuta itafute uzito mdogo kabisa ambao bado unaruhusu mtikisiko utulie kwa wakati.

Darubini ya Hubble, iliyorushwa 1990, ilionyesha ubishi uko wapi. Paneli zake za jua zilitetemeka kila ilipoingia au kutoka kwenye kivuli cha dunia. Programu zilirekebishwa, tetemeko likapungua, lakini mwezi Desemba 1993 ilibidi wanaanga wabadilishe paneli zenyewe.

Wenzangu waandishi wa programu, sisi huitwa mwisho, kifaa kikiwa tayari, tuambiwe "malizieni kwa programu". Tuombe kuitwa mapema, mbao zikiwa bado hazijakatwa.