Feza za zamani za inchi yetu, na namna ya kuzipima

Katika inchi hii ya Lusangi, toka Kasongo mpaka Kabambare, mtu anayelima shamba ao kuchimba msingi wa nyumba aweza kuokota sarafu, ndiyo feza ya chuma ya watu wa zamani. Akiisha kuifuta udongo, anauliza mara moja: Itanipatia falanga ngapi? Swali hilo si baya, kwani mtu ana watoto wa kulisha. Lakini kuna swali lingine linalotangulia: Sarafu hii ni ya nani, nayo ilifika hapa kwa njia gani? Anayejibu vizuri swali hili la pili atajibu vizuri na lile la kwanza. Anayeliruka atadanganywa, ao atadanganya wenzake.

Tuanze na wakati ambapo sarafu hazikuwa bado. Livingstone alifika Kabambare mwezi wa Septemba 1869. Watu wa Maniema walikuwa na masoko makubwa, na huko walipima bei kwa shanga, kwa simbi za bahari, na kwa viramba, ndivyo vitambaa vya majani vilivyofumwa na mafundi wa inchi. Mwaka 1874 Cameron alifika Nyangwe, akataka kununua mitumbwi ili ashuke mto. Wenye mitumbwi walidai simbi ao watumwa. Simbi hakuwa nazo, na watumwa hakukubali kuwatoa. Basi mitumbwi hakuipata. Tukumbuke neno hili: muda wa miaka mingi, katika inchi yetu, mtu mwenyewe alikuwa feza. Anayekusanya feza za Maniema anakusanya pia ukumbusho huo, apende asipende.

Wafanya biashara wa Kasongo walihesabu mali kwa reale. Tippu Tip naye, katika habari za maisha yake, anataja reale mara nyingi. Lakini njiani mizigo ilikuwa nguo na shanga. Reale ilikuwa zaidi hesabu ya deni lililongojea Unguja. Reale iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ile yenye sura ya Maria Theresia, malkia wa Austria. Mwanafunzi wa kilatini ataweza kusoma juu yake herufi D. G., maana yake Dei gratia, na kwenye ukingo maneno Iustitia et clementia, ndiyo haki na huruma. Ataona pia mwaka: 1780.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Malkia alikufa mwaka huo 1780, lakini watu wa Arabuni na wa Afrika walizoea sura yake, wakakataa nyingine. Basi viwanda viliendelea kuipiga sarafu ile ile, na mwaka ule ule juu yake: Vienna, Roma, London, Bombay, hata Bruxelles kati ya 1937 na 1957. Kwa hiyo reale yenye mwaka 1780 yaweza kuwa kijana kuliko baba yako. Muuzaji akikuambia: Tazama, ina miaka zaidi ya mia mbili, usimwite mwongo mbio, pengine hajui. Lakini usimlipe bei ya miaka hiyo. Itie kwenye mizani: iliyo halali ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na ndani yake sehemu 833 katika 1000 ni feza safi. Kisha tazama ukingo. Anayeghushi kwa kumimina risasi katika udongo mara nyingi hushindwa kutengeneza herufi za ukingo.

Sarafu za pili ni za Leta ya Kongo ya mfalme Leopold II. Zilianza mwaka 1887, mwaka ule ule Tippu Tip alipopewa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Zile ndogo za shaba zina tundu katikati. Zile za feza hazina. Hili nalo ni fundisho. Tundu la katikati katika shaba ni kazi ya kiwanda. Lakini ukiona falanga ya feza imetobolewa karibu na ukingo, ujue mtu aliivaa shingoni. Kwa mnunuzi wa Ulaya imeharibika, bei yake imeshuka sana. Kwa mwenye kuandika historia haikuharibika: imesema ya kuwa mke ao mtoto fulani aliiona kuwa pambo, si feza ya sokoni.

Tena, mwaka ulioandikwa si mwaka wa kufika. Dhanis aliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare iliangukia mikononi mwa Leta mwezi wa Januari 1894. Hata hapo watu walitoza kodi yao kwa kazi na kwa mpira. Kodi ya feza iliamriwa mwaka 1910 tu. Basi sarafu ya 1887 iliyookotwa kijijini yaweza kuwa imefika miaka mingi baada ya kupigwa. Mwaka wake unatuambia jambo moja la hakika: haikuanguka hapo kabla ya 1887.

Ya tatu ni ya zahabu. Wakati wa vita ya kwanza Wadachi wa Afrika ya Mashariki walifungiwa bahari, wakakosa sarafu. Mwaka 1916, huko Tabora, walizipiga wenyewe katika karakana ya reli: za shaba, na moja ya zahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake. Hizi za zahabu zilikuwa 16,198 tu. Askari wa Kongo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Leo sarafu ya tembo hupandishwa bei sana minadani, na kwa sababu hiyo waghushi wanaipenda. Uzito wake ni gramu 7.16, isipofika hapo, ama ikipita, funga mfuko wako.

Na mnada wenyewe? Ni soko ambapo bei inapandishwa na wanunuzi kwa kushindana, na ushindani hulewesha kama pombe. Anayetaka kununua aandike nyumbani bei yake ya mwisho, asiivuke. Akumbuke ya kuwa nyumba ya mnada huongeza sehemu yake, mara nyingi asilimia 20 ao zaidi: aliyeshinda kwa 1,000 atalipa 1,200. Aulize sarafu ilitoka wapi na nani aliishika mbele. Na mwenye kuuza asiisugue kwa mchanga ili ing'ae. Anayeisugua anaondoa bei pamoja na uchafu.

Lakini nina neno zito kuliko bei. Karibu na ziwa Kisale, huko Katanga, wataalamu walichimba makaburi ya Sanga mwaka 1957 na 1958, kisha Pierre de Maret akarudi mwaka 1974. Walikuta misalaba ya shaba pamoja na wafu. Kwa kuwa waliandika kila msalaba ulilala wapi na katika kaburi gani, walitambua ya kuwa ile ya kale ilikuwa mikubwa na michache, na ile ya baadaye midogo, mingi, yenye kipimo kimoja. Hivyo tulijua namna gani kitu cha heshima kiligeuka polepole kuwa feza. Kama mchuuzi angaliwatangulia, misalaba ile ingalikuwa shaba tu juu ya meza ya mnada, bila ulimi.

Ndiyo sababu nawasihi wenzangu. Mzee akikuletea sarafu, usianze na bei. Chukua karatasi, andika kijiji, shamba, urefu wa shimo, na vitu vilivyokuwa kando: kigae, ushanga, mfupa. Chora pande mbili, pima uzito. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda vitu vya urithi wa inchi. Mzee aijue kabla mgeni hajafika na mfuko wake. Sarafu ikiondoka bila karatasi hiyo, mzee atakula falanga zake kwa mwezi mmoja, na wajukuu wake hawatajua tena kilichopita katika shamba lao.