Vilima Visivyo na Miti

Kati ya Likasi na Kambove, Katanga, kuna vilima vilivyo vitupu katikati ya msitu wa miombo. Mgeni hudhani watu wameikata miti. La. Nafundisha jiografia hapa, na somo la ardhi naanzia kwenye vilima hivyo: shaba iliyojaa udongoni ndiyo inayoikataza miti kuota, zikabaki nyasi na maua mafupi yaliyoizoea. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Paul Duvigneaud, aliyachunguza maua hayo kwa makini, kwa kuwa mmea huonyesha udongo ulivyo.

Mababu walikuwa wameshausoma udongo huo. Wasanga, na baadaye Wayeke wa Mwami Msiri, walikuwa na mafundi wa kuyeyusha shaba, ambao askofu de Hemptinne aliwaita “walaji wa shaba”. Walikuwa wakulima kwanza. Mavuno yakishaingia ghalani, kiangazi, ndipo walipokwenda kilimani kuchimba mawe ya kijani. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makaa ya miti migumu, wakavukuta mpaka shaba ikatiririka na kumiminwa kuwa misalaba. Misalaba hiyo ilitumika kwa biashara na kwa mahari. Mvua zikikaribia, kazi ilisimama na jembe likashikwa tena.

Hapo ndipo ninapoona hesabu ya kweli. Kuni, chakula, maji na mawe vilitoka katika nchi ileile, na mvua ndiyo iliyoweka mpaka wa kazi. Sisemi walikuwa malaika. Msiri alitoza kodi nzito. Lakini msitu ulipata miezi ya kupumua.

Mwaka 1892 alipita mwanajiolojia Jules Cornet akiandika habari za miamba. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya migodi ya Union Minière, na mji wetu wa Likasi ukaja kuitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mwanzilishi wa kampuni hiyo. Tangu hapo ardhi ilipimwa kwa tani. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929; mwaka uliofuata mto Lufira ukazibwa huko Mwadingusha ili umeme wa viwanda upatikane, na bonde likafunikwa na maji. Ndilo ziwa Tshangalele. Vijito vinavyopokea maji machafu ya viwanda vya Likasi vinaelekea huko, na huko ndiko wanakotoka samaki tunaokula na bukari. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga una kobalti nyingi mno. Takwimu za tani hazikuwa na safu ya kuandika jambo hilo.

Na makaa sasa hayana msimu. Magunia yanashuka mjini kwa baiskeli mwaka mzima, kiangazi na masika, na tukiikata miti tunapoteza pamoja nayo matunda ya masuku, uyoga na viwavi vilivyolisha nyumba nyingi.

Ninyi mnaopanga maendeleo ya jimbo, kabla ya kutia sahihi kibali kingine cha mgodi, pimeni kwanza maji ya vijito, hesabuni miti iliyobaki, waulizeni wanaolima na wanaovua. Kisha matokeo yabandikeni hadharani kwenye ofisi za mitaa, tuyasome wote kabla mashine hazijaingia.